Pua Baharini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kunusa na Kuonja kwa Nyangumi, Pomboo na Jamaa Zao

Nafundisha baiolojia hapa Kigoma mjini. Kila mada ya mageuko inapofika kidato cha nne, maswali kuhusu nyangumi hayakosi, na mengi yanarudi yale yale: kutoka kwa wanafunzi, kwa wazazi wao, na kwa wavuvi wa Kibirizi na Katonga ambao wanajua wanyama wa majini kuliko vitabu vyangu. Nimeyakusanya hapa ili anayeuliza apate jibu lililokamilika, na anayetaka zaidi ajue aendelee wapi. Majibu mengine yanategemeana, kwa hiyo nimeonyesha swali la kurejea badala ya kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

Mamalia wa baharini ni wanyama gani hasa?

Ni wanyama wanaonyonyesha, wenye damu ya moto na wanaopumua hewa kwa mapafu, lakini riziki yao iko baharini. Kundi kubwa ni la nyangumi na pomboo. Kuna nguva, ambaye kwetu Tanzania bado yupo kwa idadi ndogo sana upande wa Rufiji, Kilwa na Mafia. Kuna sili na simba-bahari wa bahari za baridi, kuna fisi maji wa baharini wa Pasifiki ya Kaskazini, na wataalamu humhesabu hata dubu wa barafu.

Hawa si ukoo mmoja. Nyangumi wametokana na wanyama wenye kwato, nguva ni jamaa wa tembo na pimbi, na sili wako upande wa wala nyama pamoja na dubu. Kila ukoo uliingia majini kwa wakati wake na kwa njia yake. Ndiyo maana huwezi kuuliza "mamalia wa baharini wananusaje" ukategemea jibu moja.

Kunusa na kuonja vinatofautianaje? Majini si kila kitu kimeyeyuka tu?

Swali hili ni zuri kuliko linavyoonekana. Nchi kavu tunazoea kusema harufu inakuja na hewa na ladha inakuja na kitu kilichogusa ulimi. Majini mpaka huo unapotea, maana vyote vinakuja na maji. Kwa hiyo wanabaiolojia hawaangalii kilicholeta kemikali, wanaangalia njia ya mwili. Kunusa ni kazi ya vipokezi vilivyo ndani ya pua, vinavyopeleka habari kwa neva ya kunusa hadi sehemu maalumu ya mbele ya ubongo. Kuonja ni kazi ya vipokezi vya ulimi na koo, vinavyotumia neva nyingine kabisa.

Kwa kipimo hicho, samaki ananusa ingawa hana hewa. Mgebuka ana vitundu vya pua. Maji huingia na kutoka, na vipokezi vilivyomo ndani husoma kilichoyeyuka.

Kama samaki wananusa majini, kwa nini nyangumi asinuse majini?

Kwa sababu pua ya mamalia ni mlango wa mapafu. Samaki anapumua kwa matamvua, pua yake haina kazi nyingine, kwa hiyo maji yanaweza kupita humo mchana na usiku bila madhara. Mamalia akivuta maji puani anazama. Nyangumi, sili, kiboko na fisi maji wote hufunga pua wakipiga mbizi. Pua iliyofungwa hainusi.

Pili, vipokezi vya mamalia wengi vimekwisha kulengwa kwa kemikali zinazopeperuka hewani. Babu zetu walipotoka majini zamani za kale, jeni za vipokezi vya aina hiyo ziliongezeka sana. Mnyama anayerudi majini anarudi na pua ya nchi kavu.

Wapo wawili wadogo walioipata njia. Mwaka 2006 Kenneth Catania wa Marekani alionyesha kwamba fuko mwenye pua ya nyota na kirukanjia wa majini hutoa povu la hewa juu ya kitu wanachokichunguza chini ya maji, kisha hulivuta tena puani pamoja na harufu iliyoingia ndani yake. Ni wanyama wa gramu chache katika maji ya kina kifupi.

Kwa kifupi, nyangumi ananusa au hanusi?

Inategemea nyangumi yupi. Wenye meno (pomboo wote, nyangumi mbegu wa manii, nyangumi muuaji) hawanusi kabisa: hawana neva ya kunusa wala ile sehemu ya ubongo inayopokea harufu. Wenye mabamba ya kuchujia chakula, kama nyangumi wa nundu anayepita pwani yetu kati ya Julai na Novemba hivi, bado wananusa, ingawa si kwa uwezo wa mnyama wa nchi kavu. Sababu ya tofauti hii iko kwenye sehemu ya jeni, chini.

## Kiboko wa Malagarasi anaingiaje hapa?

Ni kweli kiboko ni ndugu wa nyangumi?

Ni kweli, na mwanafunzi wa Kigoma ana bahati kwamba ndugu huyo anakaa mtoni kwake. Katika wanyama wote walio hai leo, kiboko ndiye aliye karibu zaidi na nyangumi kinasaba, karibu kuliko alivyo kwa nguruwe ambaye watu wengi humfananisha naye. Vipimo vya jeni ndivyo vilivyolazimisha jambo hili likubalike, na visukuku vya mifupa ya kifundo cha mguu vikaja kuthibitisha kwamba nyangumi ni ukoo wa wanyama wenye kwato shufwa. Njia zao ziliachana zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita.

Tahadhari moja: nyangumi hakutokana na kiboko. Wametokana na mnyama mmoja wa zamani ambaye hakuwa kiboko wala nyangumi.

Basi huyo mnyama wa zamani alikuwa tayari anaishi majini?

Kwa muda mrefu wengi walidhani hivyo, kwa kuwa kiboko na nyangumi wote wana ngozi isiyo na manyoya ya maana na wote huzaa majini. Mwaka 2021 utafiti uliolinganisha ngozi na jeni za ngozi za makundi haya mawili ulionyesha mabadiliko hayo yalitokea kila upande kivyake. Maana yake, kiboko aliingia majini kwa safari yake na nyangumi kwa yake.

Kwa mada yetu hili ni jambo kubwa. Pua ya kiboko haiwezi kuchukuliwa kuwa nusu ya njia ya kuelekea pua ya pomboo. Kiboko anatuonyesha kitu kingine: mnyama anayeshinda majini lakini riziki yake bado iko nchi kavu hubaki na pua yake.

Kiboko ananusa vizuri? Na kwa nini hutawanya mavi kwa mkia?

Ananusa vizuri sana. Anayekaa Ilagala au Uvinza anajua ratiba yake: mchana majini, usiku anapanda kwenda kula majani, wakati mwingine mpaka kwenye mashamba. Gizani nchi kavu pua ndiyo inayomwonyesha njia, malisho na mwenzake. Dume akipiga mavi kwa mkia huku na huku anaweka alama ambayo wengine wataisoma kwa kunusa. Pia dume huonja mkojo wa jike na kuupeleka kwenye kiungo cha Jacobson, kile kijifuko kidogo juu ya kaakaa kinachosoma kemikali za uzazi. Nyangumi na pomboo wamekipoteza kiungo hicho.

Wanafunzi, naomba: msiende kulichunguza hili kwa miguu karibu na njia za viboko jioni. Kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini anaua.

Tunajuaje nyangumi wa kale walinusa, na pua haigeuki mawe?

Nyama ya pua haigeuki mawe, ila mfupa unaoishika unabaki. Juu ya tundu la pua la mamalia kuna mfupa mwembamba uliotobolewa kama chekeche, na kila kitundu ni njia ya uzi wa neva ya kunusa kuingia kwenye ubongo. Fuvu lenye mfupa huo lilikuwa la mnyama aliyenusa. Ubongo nao huacha umbo lake ndani ya fuvu, hivyo mtu anaweza kuona kama sehemu ya harufu ilikuwepo na ilikuwa kubwa kiasi gani.

Pakicetus, mmoja wa nyangumi wa kale zaidi wanaojulikana, aliyeishi Pakistan ya leo yapata miaka milioni 50 iliyopita, alikuwa na miguu minne na pua mbele ya mdomo, mahali pake pa kawaida. Baada yake kuna wengine ambao pua imesogea nyuma kidogo kidogo. Ukitaka kuwaona nyangumi wa hatua za baadaye, wenye mwili wa majini lakini bado wana vijiguu vya nyuma, wako barani Afrika: bonde la Wadi Al-Hitan jangwani Misri, lililowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2005. Nyangumi wale tayari walikuwa hawawezi kutembea nchi kavu, na bado fuvu zao zina njia za neva ya kunusa. Kwa hiyo kuingia majini peke yake hakukuiua pua. Kilikuja kitu kingine baadaye, na ndicho kinachonivutia kuliko yote katika mada hii.

## Jeni: hisi inapoteaje?

Nyangumi waliacha kutumia pua ndipo ikapotea, sivyo?

Sivyo hasa. Hili ndilo kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko lolote kwenye mitihani. Kiungo hakipotei kwa watoto kwa sababu mzazi hakukitumia. Fundi akikaa mwaka mzima bila kushika nyundo, mtoto wake hazaliwi na mkono dhaifu.

Kinachotokea ni hiki. Katika kila kizazi jeni hunakiliwa, na kunakili kuna makosa. Kosa likiangukia jeni ya kipokezi cha harufu, kipokezi kile kinaweza kuharibika. Kwa mnyama anayetegemea pua, mwenye kasoro hiyo anakosa chakula au mwenza, anazaa watoto wachache, na kosa linatoweka naye. Uteuzi wa asili unafanya kazi ya kusafisha. Sasa mchukue mnyama ambaye muda mwingi pua yake imefungwa, na chakula chake anakipata kwa njia nyingine. Akizaliwa na kosa lile lile, hapati hasara yoyote. Anazaa kama wenzake, na kosa linabaki. Kwa miaka milioni kadhaa makosa yanarundikana mpaka jeni nyingi ni mfu: bado zimeandikwa kwenye DNA, zinasomeka kuwa zilikuwa jeni za kunusa, lakini hazitengenezi kitu.

Ukubwa wa hasara unaonekana ukilinganisha. Tembo wa Afrika ana jeni hai za vipokezi vya harufu karibu 2,000. Binadamu tuna takriban 400. Pomboo amebakiwa na chache sana, na karibu kila kingine kilichoandikwa hapo ni jeni mfu. Kijusi cha pomboo kikiwa tumboni huanza kujenga mwanzo wa neva ya kunusa, kisha ujenzi unasimama na sehemu kubwa inafutika kabla hajazaliwa.

Kwa nini wenye meno wamepoteza kila kitu na wenye mabamba wamebakiza?

Angalia wanakula nini na wanakipataje. Pomboo anawinda kwa mwangwi: anatoa milio mikali, anasikiliza inavyorudi, na kwa hiyo anamjua samaki alipo, ukubwa wake na anakoelekea, hata usiku au kwenye maji ya tope. Windo lake liko chini, mbali na hewa. Pua haina cha kumwambia. Na kichwa chake kimejengwa upya kwa ajili ya sauti: njia za pua zilizokuwa za harufu ndizo zimekuwa kiwanda cha milio hiyo. Tundu la juu la kichwa limebaki moja, wakati wenye mabamba bado wana mawili, na mkao huo wa matundu mawili ni dalili ya pua iliyobaki karibu zaidi na ya asili.

Nyangumi wa mabamba hana mwangwi wa namna hiyo. Chakula chake ni makundi makubwa ya krili (wanaofanana na uduvi) na viumbe wadogo, ambayo leo yako hapa na wiki ijayo yako kwingine, kwenye bahari isiyo na alama. Makundi hayo yanatoa harufu inayopanda hewani, na nyangumi huyu kila akipumua anaweza kuipata. Kwake pua ina kazi, kwa hiyo uteuzi wa asili umeendelea kuilinda, angalau kwa sehemu.

Harufu gani hiyo inayopanda kutoka baharini?

Mojawapo ni kemikali iitwayo dimethili salfaidi. Mimea midogo inayoelea baharini inapoliwa na wanyama wadogo, inaachia kemikali zinazozaa gesi hii, nayo hutoka majini na kuingia hewani. Ni sehemu kubwa ya kile watu wa pwani wanachokiita harufu ya bahari. Palipo na gesi nyingi kuna ulaji mwingi, na palipo na ulaji kuna krili na samaki. Ndege wa baharini huifuata, na zipo tafiti zinazodokeza kwamba nyangumi wa mabamba nao huelekea inakozidi. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba sili wa kawaida wanaitambua hata ikiwa kidogo mno hewani.

Kuna ushahidi wa moja kwa moja kwamba nyangumi wa mabamba ananusa?

Upo. Mwaka 2011 Hans Thewissen na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyangumi wa Aktiki anayeitwa bowhead, kwa kutumia nyangumi waliovuliwa na Wainupiati wa Alaska katika uvuvi wao wa asili. Walikuta ubongo wenye sehemu kamili ya kupokea harufu, ikichukua asilimia 0.13 ya uzito wa ubongo. Kwa binadamu ni asilimia 0.008. Pia karibu nusu ya jeni zake za vipokezi vya harufu zilikuwa hai.

Wainupiati wenyewe walikuwa wakisema tangu zamani kwamba nyangumi huyu huchukia moshi, na walikuwa waangalifu na moto wakati wa kuvua. Naisimulia hii kila mwaka darasani. Mvuvi aliyekaa miaka mingi juu ya maji anaona mambo ambayo maabara inayafikia baadaye, na watoto wa wavuvi wanapaswa kulijua hilo.

Je, pua iliyobaki inafanya kazi zote?

Hapana. Sehemu ya ubongo inayopokea harufu ina kanda, na kanda ya juu ndiyo inayohusika na woga wa kuzaliwa nao. Mwaka 2007 watafiti wa Japani walitengeneza panya wasio na kanda hiyo. Panya wale waliweza kunusa harufu ya wanyama wanaowawinda na kuitofautisha, lakini hawakuiogopa. Bowhead naye hana kanda hiyo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba adui wa nyangumi anatokea chini ya maji, ambako harufu yake haisafiri hewani kumfikia, kwa hiyo woga wa harufu haukuwa na faida ya kuulinda. Pua ikabaki ya kutafutia chakula.

## Ladha

Nyangumi wanaonja nini?

Kidogo kuliko karibu mamalia wote. Sisi tuna ladha tano za msingi: tamu, chungu, kali ya ndimu, chumvi, na ile ya utamu wa mchuzi wa nyama au dagaa. Mwaka 2014 uchunguzi wa jeni za nyangumi na pomboo wa aina nyingi ulikuta nne zimekufa, kwa wenye meno na wenye mabamba sawia. Imebaki ya chumvi tu. Kwa hiyo mvuvi anayeuliza kama pomboo anafurahia utamu wa samaki, jibu ni kwamba vipokezi tunavyotumia sisi kuusikia utamu wa dagaa wa kukaanga yeye hana.

Sababu mbili zinatajwa. Nyangumi na pomboo humeza windo zima bila kutafuna, na mnyama asiyetafuna hampi ulimi muda wa kuonja. Tena maji ya bahari yana chumvi nyingi kiasi kwamba ladha nyingine hufunikwa. Sisi tunaotumia chumvi ya Uvinza tunajua mkono ukizidi hakuna kiungo kinachosikika tena.

Hata hiyo ya chumvi iliyobaki isichukuliwe haraka kuwa ni ya ulimi. Jeni zake zinafanya kazi pia kwenye figo, kurekebisha chumvi mwilini, na hiyo peke yake inatosha kuzilinda zisife.

Kupoteza uchungu si hatari? Uchungu ndio unaotuonya na sumu.

Kwa mla majani ni hatari kubwa, kwa kuwa mimea mingi hujilinda kwa sumu chungu. Nyama na samaki mara chache huwa na sumu za namna hiyo, kwa hiyo onyo lenyewe lilikuwa na kazi ndogo. Hasara ipo pale samaki wanapobeba sumu ya mwani wa baharini: pomboo huila bila kujua.

Basi pomboo hawana hisi ya kemikali hata kidogo?

Hapa majibu ya jeni na ya tabia yanagongana kwa namna nzuri. Mwaka 2022 Jason Bruck, Sam Walmsley na Vincent Janik walichapisha jaribio la pomboo pua-chupa waliomwagiwa majini mkojo wa pomboo wengine. Walikaa zaidi kwenye mkojo wa wale waliowafahamu. Tena mkojo ulipooanishwa na mlio wa jina (mlio ambao kila pomboo hujitambulisha nao) wa mwenye mkojo huo, waliuchunguza zaidi kuliko ulipopewa mlio wa mwingine. Walifungua mdomo na kuupitisha ulimini.

Kwa hiyo pomboo anamtambua mwenzake kwa kuonja. Kwa vipokezi vipi, ilhali vile vya kawaida vimekufa? Watafiti wanaelekeza kwenye mafuta yaliyomo kwenye mkojo na vipokezi vingine vinavyoyahisi. Mimi nalichukulia hili kuwa onyo la kutotangaza hisi imekufa kwa kusoma jeni peke yake.

## Wengine: sili, fisi maji, nguva, dubu

Sili na simba-bahari wako upande gani?

Katikati. Wanawinda majini ila wanapumzika na kuzaa nchi kavu au juu ya barafu. Mama simba-bahari akirudi kutoka kuvua anamtafuta mtoto wake kati ya mamia, kwanza kwa sauti, kisha anahakikisha kwa kumnusa. Pua bado ina kazi, na bado ipo. Ladha wamepoteza kwa sehemu: tamu imekufa, kama kwa wala nyama wengine kadhaa, akiwemo paka.

Na fisi maji wetu wa ziwani?

Fisi maji wa Ziwa Tanganyika, yule mwenye madoa shingoni, ni mnyama wa maji baridi, si wa baharini. Anafaa sana kwa kulinganisha kwa sababu anavua majini na kulala nchi kavu, na huacha kinyesi kwenye miamba ili wenzake wanuse. Ndani ya pua ya wala nyama kuna mifupa myembamba iliyojikunja: mingine hubeba ngozi ya kunusia, mingine hupasha hewa joto na kuzuia maji ya mwili yasipotee. Kwa wala nyama wa majini, ile ya kunusia imepungua na ya kuhifadhi joto imeongezeka. Fisi maji wa baharini ni mmoja wao.

Nguva?

Anakula majani ya baharini polepole, hana mwangwi, na ni jamaa wa tembo, bingwa wa kunusa. Hata hivyo sehemu yake ya harufu ni ndogo. Ladha amebakiza zaidi kuliko pomboo, na hilo linaendana na mla majani anayetafuna.

Dubu wa barafu ni wa baharini, mbona pua yake ni kali?

Kwa sababu anawinda juu ya barafu, hewani. Anamnusa sili kutoka mbali sana.

## Maswali ya ziwani kwetu

Kuna nyangumi au pomboo Ziwa Tanganyika?

Hakuna, na hakuna pomboo wa maji baridi popote Afrika. Wapo Amazon na Ganges. Maji ya ziwa letu hutoka kwa mto Lukuga kwenda Kongo na mwisho Atlantiki, lakini maporomoko ya Kongo ya chini hayapandiki.

Nimesikia ziwa hili lilikuwa bahari. Si kuna hata kiwavi-bahari wa maji baridi?

Wazo hilo lilikuwa na msomi wake. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja hapa miaka ya 1890, akaona konokono wenye makombe yanayofanana na ya baharini na yule kiumbe laini anayeelea, akahitimisha kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kale. Leo tunajua ziwa lilitokana na kupasuka kwa Bonde la Ufa, kati ya miaka milioni 9 na 12 iliyopita, na konokono wale walibadilika humu humu ndani.

Lakini Turkana walipata mfupa wa nyangumi, tena mbali na pwani?

Walipata kweli, mwaka 1964: fuvu la nyangumi mwenye meno, wa miaka milioni 17, kilomita 740 kutoka pwani ya sasa. Aliingia kwa mto mkubwa wakati nchi ya Afrika Mashariki ilikuwa chini, kabla haijainuka. Huo ni wakati ambao ziwa letu lilikuwa bado halijazaliwa.

## Maswali ya pembeni

Ambari, ile inayotumika kwenye manukato, inatoka kwa nyangumi anayenusa?

Hapana. Inatengenezwa kwenye utumbo wa nyangumi mbegu wa manii, kuzunguka midomo migumu ya ngisi anayemla. Yeye ni mwenye meno, kwa hiyo hanusi. Manukato yaliyosafirishwa kutoka pwani yetu kwa karne nyingi, mwenyewe hajawahi kuyasikia.

Mafuta yakimwagika baharini, pomboo hukimbia?

Mara nyingi hapana. Baada ya kisima cha Deepwater Horizon kulipuka Ghuba ya Mexico mwaka 2010, pomboo walionekana wakiogelea ndani ya mafuta, na waliopimwa baadaye kwenye ghuba ya Barataria walikuwa na maradhi ya mapafu. Mnyama asiyenusa hana cha kumwambia hewa hii ni mbaya, na anapumulia pale pale juu ya maji. Watu wanaosimamia bandari na utafutaji wa mafuta wanapaswa kulizingatia hili kabla ya ajali.

Pua ya pomboo inaweza kurudi baada ya miaka milioni nyingi?

Ile ya zamani, hapana. Jeni iliyokufa kwa makosa mengi haifufuki, kwa kuwa makosa yote yangepaswa kurekebishika kwa mpangilio. Uwezo mpya wa kusoma kemikali kwa njia nyingine unaweza kuzuka. Rejea jaribio la mkojo kwenye sehemu ya ladha.

Mwanafunzi wa Kigoma anayependa mambo haya aanzie wapi?

Achukue PCB (fizikia, kemia na baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia na jiografia) kidato cha tano, na aisome jenetiki kwa kuelewa badala ya kukariri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina masomo ya zoolojia, na Taasisi yake ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar. Kabla ya kusafiri hizo kilomita zaidi ya 1,200 za reli, hapa mjini kuna kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi. Waalimu wanaweza kuomba kupeleka darasa. Na aanze daftari sasa. Andika fisi maji walionekana mwalo gani, saa ngapi, na waliacha kinyesi kwenye mwamba upi. Muulize babu au mjomba anayevua alichokiona, na ukiandike kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe.